Picha za Jioni na Pwani

Ukisimama pwani ya Shumba, kaskazini ya kisiwa cha Pemba, jua linapokuchwa, waona mambo mengi kwa mara moja: mawingu yamekuwa mekundu, maji yang'aa kama shaba, ngalawa zarudi, na wanawake watoka kwenye mwani, nguo zao zikichuruzika maji. Siku hizi kijana mwenye simu huinua mkono, hugusa kioo, na yote hayo yamekwisha kushikwa. Twaona ni jambo jepesi. Lakini tangu mwanzo halikuwa jepesi, na habari zake zafaa kujulikana, maana ndani yake mna fundisho.

Ufundi wa kupiga picha ulitangazwa mjini Paris mwaka 1839. Mwenye njia hiyo alikuwa Mfaransa Louis Daguerre, aliyetumia bamba la shaba lililopakwa fedha. Haikupita miaka kumi ufundi huo ukafika pwani yetu: Kapteni Charles Guillain alipozizunguka nchi hizi kwa merikebu Ducouëdic, kati ya 1846 na 1848, picha za watu wa pwani zilipigwa katika safari hiyo. Tena mwaka 1860 James Augustus Grant, alipokuwa Unguja akijitayarisha kwenda bara pamoja na Speke, alipiga picha mjini.

Lakini picha za zamani zile zilikuwa na kasoro moja kubwa: hazikuweza kuionyesha jioni. Sababu yake ni hii. Dawa iliyopakwa kioo cha picha iliona upesi mno rangi ya samawati, lakini nyekundu haikuiona. Basi mpiga picha alipongoja muda wa kutosha ili mchanga na vyombo vitokee, mbingu ilitoka nyeupe tupu. Naye alipoufupisha muda ili mawingu yaonekane, nchi ilibaki giza. Na ule wekundu wa magharibi, ulio uzuri wenyewe wa jioni, ulitoka mweusi kama masizi.

Tena palikuwa na taabu ya kazi. Kwa njia aliyoivumbua Frederick Scott Archer mwaka 1851, kioo kilipakwa dawa, kikapigwa picha, kikaoshwa, yote hayo kabla dawa haijakauka. Ilimpasa mpiga picha kuchukua hema ya giza, chupa za dawa na maji safi kila aendako. Mwenye kujua joto la pwani hii ataelewa jinsi alivyokimbizana na saa.

Mfaransa Gustave Le Gray, aliyesifiwa sana kwa picha zake za bahari za mwaka 1856 na 1857, aliona njia ya kupita. Katika baadhi ya picha hizo alitumia vioo viwili, kimoja kwa mbingu na kimoja kwa maji, kisha akaviunga juu ya karatasi moja. Watu walistaajabu. Bahari ilikuwa ya kweli, na mbingu ilikuwa ya kweli. Lakini hazikuwa za saa moja.

Mwaka 1873 Mjerumani Hermann Vogel aligundua ya kuwa dawa ikichanganywa na rangi fulani huanza kuona kijani na manjano. Baadaye, mwaka 1906, vioo vyenye kuona rangi zote, na nyekundu pia, viliuzwa Uingereza. Huko Marekani nako George Eastman alikuwa ameitoa kamera yake ya Kodak mwaka 1888, na mwaka 1900 ile ndogo iitwayo Brownie, ambayo bei yake ilikuwa dola moja. Hapo ndipo watu wasio mafundi walipoanza kupiga picha.

Kwa hiyo, msomaji, ukionyeshwa picha ya zamani ya pwani yetu, nawe waona mbingu haina hata wingu moja, usiseme, "Siku zile hali ya hewa ilikuwa njema kila siku." Mawingu huenda yalikuwapo, dawa ndiyo iliyoshindwa kuyaona.

Hata hivyo picha hizo zenye mbingu nyeupe zimetufaa sana. Katika mji wa Unguja walikuwapo wapiga picha Wagoa, kama A. C. Gomes, na baada yao Ranchhod Oza, aliyefungua duka lake la picha mwaka 1930. Katika picha za forodhani zilizopigwa kabla ya 1896 twaona mnara mrefu umesimama peke yake mbele ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliupiga mji kwa mizinga. Vita hivyo havikutimiza saa moja, na mnara ule haupo tena. Na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib yenyewe ilianguka. Vivyo hivyo mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi na kuvuta tanga la mkeka, umetoweka katika bahari yetu. Wenye kutaka kujua ulivyokuwa hutazama picha na mifano iliyosalia.

Lakini hapa pana jambo la kutusikitisha. Katika picha nyingi za namna hiyo jumba lina jina, merikebu ina jina, bali mtu asimamaye pwani na kasia mkononi hana jina. Alikuwa baba wa watu, na huenda wajukuu wake wangali hai. Nao wakiiona sura yake leo hawatajua kuwa ni babu yao. Aliyepiga picha hakuuliza.

Basi na sisi tusifanye vivyo hivyo. Kijana wa Shumba anayepiga picha ya jioni na aombe kwanza ruhusa kwa watu watakaoonekana, maana sura ya mtu ni yake. Kisha aandike mahali, tarehe na majina. Wekundu wa mawingu utarudi jioni nyingine. Mzee anayekunja wavu wake chini ya mawingu hayo hatarudi siku zote.

Bwana wetu, katika Mathayo sura ya 16, aliwakemea wale waliojua kuusoma wekundu wa mbingu jioni, wasijue kuzisoma ishara za nyakati zao. Tuipende mbingu, maana ni kazi ya Mungu. Lakini tusiitazame sana hata tukamsahau jirani yetu aliyesimama chini yake.