Sauti TH na DH: Asili Yake na Maandishi Yake

Miongoni mwa sauti za Kiswahili zimo mbili zilizo adimu katika lugha za dunia: th ya thamani na dh ya dhahabu. Zote hutamkwa ncha ya ulimi ikiwa menoni, pumzi ikipita kwa mkwaruzo. Dh ina mghuno, th haina.

Historia yaonyesha kuwa sauti hizi hupotea kwa wepesi. Kijerumani kilikuwa na th hapo kale, nayo ikageuka d katika Zama za Kati. Waarabu wa Cairo husema t au s mahali pake. Wahispania wengi hutamka th, lakini Amerika ya Kusini husema s. Kiingereza, Kigiriki na Kialbania ni baadhi ya lugha zilizozihifadhi zote mbili. Jirani zetu Wakikuyu wanayo dh, ingawa huiandika th.

Kwetu sisi sauti hizi zimefungamana zaidi na maneno yenye asili ya Kiarabu. Hata hivyo, hatukuiga tu. Kiarabu kina herufi tatu tofauti katika asili ya maneno dhahabu, dharura na dhuluma. Kiswahili kimezikusanya zote katika dh moja.

Katika maandishi, Kiingereza hutumia alama moja kwa sauti mbili. Waalbania, katika mkutano wa Manastir wa mwaka 1908, walikubaliana juu ya th na dh kama tuandikavyo sisi. Kwetu, Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilisimamia tahajia sanifu, na kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 ikazipa sauti hizo alama mbalimbali.

Wapo wasemao kuwa hizi ni sauti za kigeni, basi s na z zatosha. Hatukubaliani nao. Thamani si samani, wala dhana si zana. Mfasiri akiandika “zana za elimu” badala ya “dhana za elimu”, msomaji atatafuta ubao na chaki mahali palipokusudiwa mawazo.

Kwa hiyo, mwalimu asimdhihaki mwanafunzi atamkaye zahabu, kwani mataifa makubwa yamepita njia hiyo hiyo. Amrekebishe kwa upole. Lakini katika maandishi, hasa ya istilahi na ya serikali, hatuna budi kuilinda tofauti hii. Kilichopotea ulimini huweza kuhifadhiwa na kalamu. Kikipotea kalamuni pia, hakuna pa kukirejea.