Ngitili ya Habari

Usukumani, kulisha ni neno la ng'ombe kwanza, halafu la watoto. Labda ndiyo sababu sikuhangaika kuelewa mlisho wa habari. Hata jina lake la Kiingereza limetoka zizini.

Wazee wetu walikuwa na ngitili. Masika yanapoanza, kaya au kijiji hutenga eneo, mifugo hairuhusiwi kuingia, majani na miti vinaachwa vikue. Kiangazi kikikaza, eneo linafunguliwa, ng'ombe wanakula. Utaratibu huu ulikaribia kupotea. Misitu ilikuwa imefyekwa ili kuua mbung'o na kupanua mashamba ya pamba, hadi Shinyanga ikaitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na badala ya kubuni jipya ukafufua ngitili. Miaka michache baada ya 2000, ngitili zilizorudi zilihesabiwa kwa mamia ya maelfu ya hekta.

Ninasomea shahada ya uzamili ya historia, na ninafuatilia jinsi habari za migodi zilivyosafiri katika Kanda ya Ziwa tangu intaneti ilipotufikia. Katika kazi hiyo nimejikuta nikitegemea chombo ambacho wengi wa rika langu hawakijui kwa jina: RSS.

Kinavyofanya kazi ni rahisi. Tovuti inaweka pembeni faili jepesi la maandishi lenye kichwa cha kila habari mpya, tarehe, kiungo na muhtasari. Programu yako ya kusomea inapita kwenye mafaili hayo kila baada ya muda na kukuletea kilichoongezeka, kipya juu, cha zamani chini. Hakuna anayepanga kwa niaba yako kipi kikufurahishe au kikukasirishe. Netscape walitoa toleo la kwanza mwaka 1999. Mwaka uliofuata, Aaron Swartz, Mmarekani wa miaka 14, alikuwa miongoni mwa walioandika toleo jingine.

Kwetu mlisho uliingia kimyakimya, ukiwa umepanda mgongo wa blogu. Ndesanjo Macha alikuwa akiblogu kwa Kiswahili katika Jikomboe tangu 2004; Issa Michuzi akafungua yake 2005. Waliofuata, wengi wao walitumia Blogger, na kila blogu ya Blogger huzaliwa na mlisho wake, mwenyewe ajue asijue. Unaikumbuka ile orodha ya pembeni, majina ya blogu rafiki na kichwa cha habari mpya ya kila moja? Ile ilikuwa milisho. Mtu wa Kahama aliyeingia kwenye intaneti kafe akiwa na nusu saa aliyolipia aliweza kuona kwa jicho moja nani ameandika nini, Dar es Salaam, Mwanza hata ughaibuni.

Faida yake kwa mwanahistoria ninaipima kwa kisa kimoja. Tarehe 5 Oktoba 2015, mgodi wa wachimbaji wadogo wa Nyangalata, wilayani Kahama, uliporomoka na kuwafunika watu. Nchi ilikuwa kwenye wiki za mwisho za kampeni. Tarehe 25 tukapiga kura. Tarehe 5 Novemba John Magufuli akaapishwa. Siku 41 baada ya kufukiwa, watu watano walitolewa wakiwa hai. Walikuwa wameishi kwa kula mende, vyura na mizizi. Mwenzao mmoja alifia humo. Waliingia shimoni Kikwete akiwa Rais, wakatoka wakamkuta mwingine Ikulu.

Ukitafuta kisa hiki leo mtandaoni, kinachokuja mbele ni mende na vyura, kwa sababu ndicho kilichobofywa. Ukikisoma kwa mpangilio wa mlisho, tarehe juu ya tarehe, unaona kitu kingine: habari ya kuporomoka kwa mgodi, kisha kampeni, matokeo, kuapishwa, na kati yake kimya kuhusu watu walio chini ya ardhi. Kimya hicho nacho ni ushahidi. Mitandao inayokupangia habari hukionyeshi, kwa kuwa imejengwa kukupa kelele.

Ngitili hizi nazo zilipata kiangazi chake. Tarehe 1 Julai 2013 kampuni ya Google ilifunga Google Reader, programu iliyotumiwa zaidi duniani kusomea milisho. Waliokuwa makini walipakua orodha zao katika faili moja dogo wakahamia kwingine. Wakati huohuo simu janja zilikuwa zinashuka bei, na habari za Geita na Kahama zikahamia Facebook, kisha makundi ya WhatsApp, ambako picha ya jana na ya miaka mitano iliyopita hupita zikiwa zimevaa nguo moja.

Halafu ikaja 2018. Kanuni mpya za maudhui mtandaoni ziliwataka wanablogu kuwa na leseni, na gharama za mwanzo zilizidi shilingi milioni 2. Mwezi Juni JamiiForums walifunga jukwaa lao kwa muda. Wanablogu wadogo, ambao blogu haikuwahi kuwalipa hata bando, wengi waliacha. Katika orodha yangu wapo ambao habari yao ya mwisho ni ya mwaka huo: mkutano wa kijiji, bei ya dhahabu, tangazo la msiba. Hakuna aliyeaga.

Mlisho hauwezi kumrudisha aliyenyamazishwa. Kwa kawaida mlisho wa Blogger hubeba habari 25 za mwisho tu, na blogu ikifutwa chanzo kinakufa. Lakini programu ya aliyeifuata mapema hubaki na nakala ya kilichopita. HASHI haikufaulu kwa sababu serikali ilikuwa na ghala kubwa la majani. Ilifaulu kwa sababu kaya moja moja zilikubali kuzuia kipande chao.

Akiba haiozi, wanasema. Chagua vyanzo 10 unavyoviamini, kimoja kiwe cha wilaya yako. Viweke kwenye programu ya milisho, hifadhi nakala ya orodha yako, mgawie rafiki. Miaka 20 ijayo atakuja mtu kuuliza nini kilitokea Nyarugusu au Nyangalata, na jibu litategemea nani alitenga malisho kabla ya kiangazi.