Tabaka

Ukifungua picha ya mlango wa nakshi wa Mkomani, Lamu, katika programu ya mtandaoni kama Photopea, unaanza na tabaka moja. Ukiitumia kwa kadi ya arusi, maandishi yanapata tabaka lao juu yake. La juu hufunika la chini, na la maandishi laweza kufichwa, kufifishwa au kufutwa bila kuugusa mlango wenyewe. Photoshop ilipata utaratibu huu mwaka 1994.

Wengi husema “leya”. Mimi nashikilia tabaka, neno letu lenye asili ya Kiarabu, kwa kuwa lina kina: ndilo hilo hilo la tabaka la watu. Mkomani, upande wa kaskazini wa mji wa Lamu wenye majumba ya mawe, palikuwa makao ya waungwana. Katika mtaa wa Langoni, kusini, nyumba nyingi zilikuwa za udongo na makuti. Kwenye skrini tabaka huburutwa juu au chini kwa kidole. La watu halikuhama hivyo.

Basi tuseme “ficha tabaka”, “punguza ukolezo wa tabaka”, “unganisha matabaka”. Hilo la mwisho lifanyeni mkiwa mmeshahifadhi nakala katika faili la PSD, kwani yakishaunganishwa, au picha ikihifadhiwa kwa JPEG, matabaka hayabaki.