Darasa la Tatu katika Shule za Tanzania

Darasa la Tatu ndilo mwaka ambao mtoto wa shule ya msingi huanza kusoma ili ajue jambo jingine. Katika madarasa mawili ya mwanzo, herufi, silabi na namba ndizo kazi yenyewe. Akifika la Tatu anatarajiwa awe amekwisha kuzimudu, azitumie sasa kujifunzia sayansi, jiografia na historia. Katika shule nyingi ni hapo pia anapoweka penseli kando na kushika kalamu ya wino. Mwalimu mmoja aliyekuwa naye kutwa nzima anawapisha walimu wa masomo wanaoingia kwa zamu, na madaftari yanaongezeka, kila moja na jina la somo lake juu ya jalada. Kwa watunga mitaala wa Tanganyika, na baadaye wa Tanzania, swali la mwaka huu limekuwa lilelile kwa karne nzima: mtoto aliyekwisha kujua kusoma asome nini, na kwa lugha ipi? Majibu yamebadilika kila utawala ulipobadilika.

Wazo lenyewe la darasa, yaani kundi la watoto wanaopanda pamoja mwaka hadi mwaka, ni geni kuliko elimu ya maandishi nchini. Pwani ilikuwa na vyuo vya Kurani karne nyingi kabla ya shule ya serikali. Chuoni mtoto aliandikiwa alifu, be, te kwenye ubao wa mbao kwa wino unaooshwa kwa maji. Akishazitambua herufi alifundishwa irabu, kisha kuunganisha, kisha akaanzishwa juzuu ya Amma na kuendelea mpaka kuhitimu. Kila mtoto alikwenda kwa mwendo wake. Wawili walioanza siku moja waliweza kuwa mbali kabisa baada ya miaka miwili, na hakuna aliyesema kwamba mmoja amerudia darasa. Waliotangulia waliwasomesha wadogo, na mwalimu akawasikiliza mmoja mmoja. Mpangilio huo ulikuwa na hekima ambayo shule za baadaye, zenye watoto themanini mbele ya ubao mmoja, zimeikosa sana.

Serikali ya Kijerumani ilifungua shule yake ya kwanza Tanga mwaka 1892. Ilihitaji makarani, wakalimani, walimu na watoza kodi wanaojua Kiswahili kwa herufi za Kilatini, na shule ilipangwa kwa hesabu hiyo. Shule ndogo za mikoani zilikuwa za miaka michache tu: kusoma, kuandika na kuhesabu. Wachache waliokwenda mbele walipata masomo zaidi na kazi za mikono. Kuanzia mwaka 1904 shule ya Tanga ilichapa gazeti la Kiswahili, Kiongozi, na wanafunzi wenyewe wakajifunza kazi ya kupanga herufi na kuendesha mitambo. Wakati huohuo shule za misheni zilikuwa nyingi kuliko za serikali kwa mbali sana, na nyingi kati yake zilimfundisha mtoto kusoma ili afikie katekisimu na Injili. Vita Kuu ya Kwanza ilizifunga nyingi, na Kiongozi likakoma mwaka 1916.

Waingereza walipochukua nchi waliunda idara ya elimu mwaka 1920, na mwelekeo wao ukajulikana baada ya tume ya Phelps-Stokes kuzuru Afrika Mashariki mwaka 1924. Tume hiyo ilishauri kwamba elimu ya Mwafrika ifungwe na maisha ya kijijini: afya, kilimo, ufundi na kazi za nyumbani. Ushauri huo ulikuwa na pande mbili. Ulimkumbusha mwalimu kwamba mtoto anatoka shambani na kwenye kundi la mbuzi, jambo la kweli. Lakini pia ulitoa sababu nzuri ya kumbakiza huko. Shule ya msingi ya vijijini ilikuwa ya miaka minne, na kwa watoto wengi hiyo ndiyo ilikuwa shule yote. Katika mpango uliojengwa baada ya Vita Kuu ya Pili, miaka minne ya kwanza ilifuatwa na minne ya shule ya kati, na mtihani wa Darasa la Nne ulikaa katikati kama mlango mwembamba. Darasa la Tatu basi lilikuwa mwaka wa maandalizi. Mtoto alijua kwamba akishindwa mwaka unaofuata atarudi nyumbani na alichokwisha kukipata.

Siku ya shule katika miongo hiyo ilianza nje. Kengele, mara nyingi kipande cha reli au rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini, iligongwa na watoto wakapanga mistari. Mwalimu wa zamu alikagua kucha, meno na nguo, kisha uwanja ukafagiwa. Ndani, hesabu zilitangulia wakati akili bado ni mbichi: kwanza hesabu za kichwa, mwalimu akitaja na mtoto akijibu palepale, ndipo za ubaoni. Jedwali la kuzidisha liliimbwa na darasa zima hadi likaganda kichwani. Madarasa ya chini yaliandikia vibao na kalamu za mawe, zana zilizoondoa gharama ya karatasi lakini ambazo hazikuacha kumbukumbu yoyote, kwa kuwa kila jibu lilifutwa ili lingine liandikwe. Daftari lilikuja na utaratibu wake: mwandiko wa kuunganisha kati ya mistari miwili, imla, na kunakili kwa usahihi. Adhabu ilikuwa kiboko, na hakuna sababu ya kuificha: watoto wengi walijifunza herufi huku wakiogopa.

Hesabu za Darasa la Tatu ni shahidi mzuri wa historia ya nchi, maana mtoto alipaswa kuhesabu vitu vilivyokuwa sokoni. Wakati wa Wajerumani fedha ilikuwa rupia, iliyogawanywa kwa pesa 64 na kisha, tangu mwaka 1904, kwa heller 100. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 ikaja shilingi ya Afrika Mashariki yenye senti 100, na ishirini zake zikafanya pauni. Urefu ulipimwa kwa inchi, futi na yadi, uzito kwa ratili na frasila, nafaka kwa pishi na kibaba. Mtoto alitakiwa ajue kwamba futi moja ina inchi kumi na mbili na yadi moja ina futi tatu, na abadili kutoka kipimo kimoja hadi kingine bila kukosea. Baada ya uhuru mita, kilo na lita zikachukua nafasi, na shilingi ya Tanzania ikaanza kutumika mwaka 1966. Kazi ngumu ya kubadili vipimo ikawa ya kusogeza nukta ya desimali. Wazazi waliosoma kabla ya hapo hawakuweza tena kuwasaidia watoto wao kwa urahisi, na darasani mwalimu alilazimika kufundisha alichokuwa yeye mwenyewe amejifunza juzi.

Kusoma nako kulikuwa na njaa yake: vitabu vilikuwa vichache. Idara ya elimu ilianzisha jarida la Mambo Leo mwaka 1923, na likatumika sana mashuleni. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930, baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kuchagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Tangu hapo kitabu cha shule kilipitia mikononi mwake kabla ya kufika darasani. Hadithi kama Hekaya za Abunuwasi zilisomwa kwa zamu, mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakifuatilia kwa kidole kwenye nakala moja ya watu watatu au wanne. Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia katika madarasa ya chini. Kiingereza, katika miaka ya mwisho ya ukoloni, kilianza kama somo kwenye Darasa la Tatu. Hapo ndipo mtoto wa Kiswahili alipokutana kwa mara ya kwanza na lugha ambayo ingeamua kama ataendelea.

Wakati wa uhuru, Desemba 1961, watoto wapatao 490,000 walikuwa katika shule za msingi za Tanganyika, na wengi wao waliishia Darasa la Nne. Shule zilizotengwa kwa rangi, za Wazungu, Waasia na Waafrika, ziliunganishwa katika mfumo mmoja. Zanzibar, baada ya Mapinduzi, ilitangaza elimu bila malipo tarehe 23 Septemba 1964. Bara, Darasa la Nane likaondolewa hatua kwa hatua na shule ya msingi ikawa ya miaka saba, na kufikia mwaka 1967 wanafunzi walikuwa 825,000.

Mwaka huo wa 1967 ndio uliobadilisha Darasa la Tatu kuliko mwingine wowote wa karne ile. Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule yote ya msingi, kwa hiyo mtoto wa la Tatu hakuwa tena anajiandaa kuhamia lugha nyingine akifika madarasa ya juu. Mwezi Machi Rais Julius Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, andiko lililolaumu shule kwa kumtenga mtoto na jamii yake na kumfanya aamini kwamba maarifa yote yenye thamani yamo vitabuni, huku busara ya mzee asiyesoma ikidharauliwa. Alitaka pia watoto waanze shule wakiwa wakubwa zaidi, ili anayemaliza la Saba awe na umri wa kufanya kazi. Kwa vitendo, siku ya mwanafunzi ikaongezewa jembe. Shule ililima mahindi au pamba, ikafuga kuku. Wakubwa walilima, na wa Darasa la Tatu wakapewa kazi za uzito wao: kuchota maji, kumwagilia bustani, kupalilia. Asubuhi kulikuwa na mchakamchaka, watoto wakikimbia huku wakiimba. Darasani kukaingia siasa na sayansikimu, na vitabu vya Tujifunze Lugha Yetu vikaweka mbele ya mtoto vijiji, watu na wanyama anaowajua.

Mtihani wa kuwachuja watoto wa Darasa la Nne uliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kwa mara ya kwanza la Tatu likawa mwaka wa kawaida tu katikati ya safari, bila hofu ya mwakani. Huo ulikuwa uamuzi wa haki. Ada za shule ya msingi zilifutwa mwaka 1973. Novemba 1974, mjini Musoma, chama tawala kiliazimia kwamba elimu ya msingi kwa wote, UPE, ifikiwe mwaka 1977 badala ya 1989, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikaifanya elimu hiyo kuwa ya lazima. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanafunzi wa shule za msingi walizidi milioni tatu.

Vyuo vya ualimu visingeweza kutoa walimu wa watoto wote hao. Vijana waliomaliza Darasa la Saba waliajiriwa vijijini mwao na kufunzwa wakiwa kazini kwa miaka mitatu, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na wakufunzi waliowatembelea. Wengi walipewa madarasa ya chini. Mtoto wa la Tatu aliweza kufundishwa na kijana aliyetoka darasani miaka michache tu kabla yake, chini ya mwembe wakati wanakijiji wakifyatua matofali ya jengo, au kwa zamu mbili, kundi moja asubuhi na jingine mchana. Walimu wa UPE wamesimangwa mno. Bila wao mamilioni ya watoto wasingegusa kitabu kamwe, na makosa ya mpango ule yalikuwa ya haraka yake na ya umaskini wa nchi, wala si yao.

Uchumi ulipoanguka, michango ya wazazi ilirudishwa katikati ya miaka ya 1980, vitabu vikaisha na madawati yakavunjika bila kutengenezwa. Watoto walikaa sakafuni wakiandikia magotini. Ada zilifutwa tena mwaka 2002 chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, na michango iliyokuwa imerudi kwa majina mengine ikapigwa marufuku kuanzia mwaka 2016. Kila mara milango ilipofunguliwa, madarasa yalifurika, na kiwango rasmi cha wanafunzi 45 kwa mkondo kikabaki kwenye karatasi.

Athari ilionekana wazi Darasa la Tatu, kwa sababu hapo mtoto asiyejua kusoma hana tena pa kujificha. Upimaji wa asasi ya Uwezo uliofanywa majumbani mwaka 2010 uliwakuta takriban watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa hilo wanaoweza kusoma hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha Darasa la Pili. Kwa Kiingereza alikuwa mmoja kati ya kumi. Matokeo hayo yaliuma, na yalistahili kuuma. Mtaala wa mwaka 2015 ukayaacha madarasa mawili ya kwanza yashughulike hasa na KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na masomo mengine yakasubiri. Kiingereza, ambacho kilikuwa kimeshushwa hadi la Kwanza, kikarudishwa la Tatu. Tofauti kati ya madarasa hayo mawili ya kwanza na la Tatu ilionekana hata kwenye ratiba: kipindi cha dakika 30 kikawa cha dakika 40, na mtoto aliyekuwa akirudi nyumbani mapema akabaki na wakubwa.

Mtaala uliofuata ulianza kutekelezwa Januari 2024, ukianzia elimu ya awali, Darasa la Kwanza na Darasa la Tatu kwa pamoja. Kiingereza kilishushwa tena hadi Darasa la Kwanza. Kwenye la Tatu yaliingia Historia ya Tanzania na Maadili, Jiografia na Mazingira, na Sanaa na Michezo, pamoja na Kiswahili, Hisabati na Sayansi. Elimu ya msingi nayo ilipunguzwa kutoka miaka saba hadi sita. Watoto walioingia Darasa la Tatu mwaka huo ndio wa kwanza kuupita mfumo mpya: kwa mpango uliopo, watamaliza Darasa la Sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao Darasa la Saba la mwisho litafanya mtihani wake, na makundi yote mawili yataingia Kidato cha Kwanza pamoja Januari 2028.