Majani mabichi hayasubiri: Lufingo na elimu ya biashara

Nilipokwenda Lufingo kwa msiba, mjomba wangu aliniuliza ninafundisha nini huko chuoni. Nikamjibu: menejimenti na masoko. Akalitazama shamba lake la chai, ambalo nusu yake ilikuwa imeachwa bila kupogolewa hata vichaka vikawa miti. "Sasa mjomba," akasema, maana kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo wote wawili, "hiyo menejimenti ndiyo inayofundisha watu kuchukua majani leo na kulipa wakipenda?" Sikuwa na jibu. Makala haya ni deni lake.

Chai iliingia Rungwe mwaka 1904 mikononi mwa Wajerumani, miaka miwili baada ya kupandwa Amani, Usambara. Kwa miongo mingi ilikuwa zao la walowezi. Mkulima mdogo alikaribishwa kwa dhati baada ya Uhuru, na mwaka 1968 ikaundwa Mamlaka ya Chai Tanzania ili imhudumie, ikusanye majani yake na kuyasindika. Hapo ndipo kitendawili kinapoanza. Kahawa ikishakauka huweza kukaa ghalani hadi bei ipendeze. Jani la chai likichumwa asubuhi sharti lifike kiwandani siku hiyo hiyo. Likirundikwa na kulala, huungua kwa joto lake lenyewe. Kichaka nacho huchukua miaka kadhaa kabla ya kutoa mavuno ya maana, kisha huzaa kwa miongo. Kwa hiyo mwenye shamba amefungwa kwa kiwanda kilicho jirani, na kiwanda kilichogharimu fedha nyingi kimefungwa kwa mashamba yanayokizunguka. Hakuna anayeweza kuondoka kirahisi.

Mwaka 1932 kijana Mwingereza, Ronald Coase, alianza kufundisha katika shule ya uchumi na biashara ya Dundee, Scotland. Alisumbuliwa na swali moja: ikiwa soko linapanga kila kitu kwa njia ya bei, kampuni zipo kwa nini? Jibu alilolichapisha mwaka 1937 ni kwamba kulitumia soko kuna gharama: kutafutana, kupatana, kuandikiana, kufuatiliana. Oliver Williamson, profesa wa biashara huko Berkeley, alilisogeza mbele zaidi: mtu akishawekeza katika kitu kisichohamishika, mwenzake anaweza kumgeuka baada ya mapatano. Kwa kazi hiyo alitunukiwa Nobeli mwaka 2009. Mjomba wangu, aliyeishia darasa la saba, angeweza kumwandikia sura ya kwanza.

Sisi tumelijibu swali hilo kwa kumbadilisha kila mara mwenye kutoa ahadi. Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima. Sheria ya 1982 ikavirejesha. Sheria ya Chai ya 1997 ikaleta Bodi ya kusimamia sekta na wakala wa kuwaendeleza wakulima wadogo. Kiwanda cha Katumba kikaangukia kwa kampuni ambamo wakulima wa Rungwe, kupitia chama chao, walipata hisa, ingawa chache kuliko za mwekezaji. Na wanaodhani kwamba washauri wa ng'ambo waliletwa na ubinafsishaji wakumbuke kuwa madaraka mikoani ya mwaka 1972, katikati ya Ujamaa, yalisanifiwa kwa ushauri wa McKinsey, kampuni ya Kimarekani.

Leo dawa inayotajwa katika semina zetu ni moja: ongezeni wanunuzi, ushindani utampa mkulima bei. Nami niliifundisha hivyo kwa miaka. Utafiti ulionitikisa ni ule wa Rocco Macchiavello na Ameet Morjaria, huyu wa pili akiwa mwalimu katika shule ya biashara ya Kellogg, kuhusu vituo vya kuoshea kahawa nchini Rwanda, uliochapishwa mwaka 2021. Waligundua kwamba vituo vilipojengwa karibu karibu, zile ahadi zisizoandikwa kati ya kituo na mkulima zilivunjika: pembejeo kwa mkopo, malipo ya nyongeza baada ya msimu. Kituo hakikuthubutu kumkopesha mtu ambaye kesho angeuza kwa jirani. Vituo vikakosa mzigo wa kutosha, na mkulima hakuneemeka.

Macchiavello huyo huyo, pamoja na Lorenzo Casaburi, alikwenda kwa wafugaji wa maziwa nchini Kenya. Wengi walikuwa wakiuza kwa ushirika uliolipa mwisho wa mwezi, tena kwa bei ya chini kuliko ya wachuuzi waliolipa kila siku. Huo haukuwa ujinga. Walitaka fedha yao ikusanyike, na waliuamini ushirika kuwa utaitunza. Mchuuzi hawakumwamini kwa hilo.

Someni tafiti hizo mbili pamoja. Sisemi mkulima wa Lufingo abaki na mnunuzi mmoja; hilo lingekuwa tusi kwake. Nasema kwamba kumcheleweshea malipo ni kubomoa kitu ambacho mnunuzi wa pili wala wa tatu hawezi kukijenga upya. Ofisa anayetoa leseni ya kununua majani mabichi aulize kwanza dhamana iko benki gani, mizani imekaguliwa lini, na siku ya malipo ni ipi. Bei ije baada ya hapo.

Wanyakyusa wana neno la uhusiano huu, *ukwangala*: raha ya kukaa pamoja kwa wema. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Rungwe na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alikiita kitabu chake cha 1951 *Good Company*. Jina hilo kwa Kiingereza lina maana mbili, wenzi wema na kampuni njema. Yeye alikusudia ile ya kwanza, vijiji vya marika ambamo vijana walijenga na kuishi na wenzao. Ya pili bado tunaitafuta.

Kabla sijaondoka mjomba alinionyesha daftari lake. Mnunuzi wake simtaji. Kurasa zilikuwa na safu tatu zilizopigwa kwa rula: tarehe, kilo, malipo. Mbili za kwanza zilijaa hadi ukurasa wa mwisho. Ya tatu ilikuwa tupu kwa miezi minne.