Diski Ngumu: Ugumu wa Nini?

Katika istilahi za kompyuta, "diski ngumu" ni mojawapo ya zile zinazosemwa kila siku pasipo mtu kuuliza ugumu huo ni wa nini. Jina lilizuka kwa kulinganishwa na diski tepetevu, ile ya plastiki laini iliyopindika mkononi, ilhali hii ina sahani ya alumini au ya kioo. Ugumu, basi, ni wa sahani, wala si wa ustahimilivu wa chombo kizima. Wengine husema "diski kuu", na jina hilo lafaa madhali diski ni moja, lakini mtu afunguaye seva yake ya nyumbani akazikuta nne zimepangwa sambamba, ataiita ipi kuu?

Diski ya kipakatalishi, ile ya inchi 2.5, hupendwa kwa seva ya namna hiyo kwa sababu iliyo dhahiri: hutosheka na volti 5 na wati mbili hivi ikiwa kazini, ilhali ile kubwa ya inchi 3.5 hudai volti 12 pia, na wati takriban mara tatu yake. Na kwa nyumba inayotegemea paneli ya jua na betri, tofauti hiyo si haba. Hata mwinuko wa Mlima Longonot, nchini Kenya, hauidhuru diski hiyo. Kichwa cha kusomea huelea juu ya hewa, na hewa ikiwa nyepesi mno hushuka, lakini watengenezaji aghalabu huweka mpaka wa mita 3,048, na kilele cha mlima huo hakipiti mita 2,776.

Taabu iko katika tabia ya diski hiyo ya kipakatalishi. Madhali iliundwa kwa chombo cha kupakatwa, ikikaa kitambo kidogo bila kazi hukiondoa kichwa juu ya sahani na kukilaza kando, ili mtikisiko usije ukaikwaruza. Hekima murua kwa abiria wa matatu, lakini katika seva, ambayo haikosi ombi dogo la faili kila baada ya muda, kichwa hulazwa na kuamshwa mchana kutwa na usiku kucha. Diski iliyokadiriwa kuhimili kulazwa mara 600,000, ikilazwa mara moja tu kila dakika, humaliza fungu lake kabla ya siku 420. Idadi ya kulazwa huko aghalabu husomwa kwa programu ya smartctl, kwenye mstari wenye namba 193, na katika diski nyingi tabia hiyo yaweza kupunguzwa, au kuzimwa kabisa, kwa amri ya hdparm.