Macho ya Mtoto Aliye Tumboni

Leo tujiulize: je, kasoro ya macho ya mtoto inaweza kujulikana kabla hajazaliwa? Jibu lina historia yake, na historia hiyo ilianza na akina mama kama wewe.

Mwaka 1941, mjini Sydney, Australia, daktari wa macho Norman Gregg alishangaa. Watoto wachanga wengi walikuwa wakiletwa wakiwa na mtoto wa jicho, mboni nyeupe kama maziwa. Ugonjwa wa wazee, kwa watoto wa miezi michache! Yeye aliwasikiliza mama zao. Wengi walisema kwamba mimba ikiwa changa walipata homa ndogo na vipele. Ilikuwa rubela. Kati ya watoto 78 ambao yeye na wenzake waliwaandika, mama 68 walikuwa wameugua hivyo. Wakubwa wengine walitilia shaka, lakini baadaye ilithibitika kuwa kweli. Virusi vya rubela hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto wakati viungo vinaumbwa. Miezi mitatu ya kwanza ndiyo ya hatari zaidi, kwa macho, masikio na moyo.

Mwaka 1958, mjini Glasgow, Uskoti, Dakta Ian Donald na wenzake walichapisha picha za tumbo zilizopigwa kwa mawimbi ya sauti. Hiyo ndiyo skani yetu ya leo. Mimba ikifika karibu miezi mitano, mtaalamu aweza kuona kama macho yako mawili, ukubwa wake, na wakati mwingine weupe ndani ya lenzi. Lakini mama, usijitulize mno. Skani ya kawaida hukosa kasoro nyingi za macho.

Chanjo ya rubela ilianza kutumika Marekani mwaka 1969. Hapa Kenya iliingia mwaka 2016, ikiwa pamoja na ya surua. Mtoto huipata akiwa na miezi 9, kisha miezi 18. Wengi humaliza ya kwanza, ya pili wakaisahau. Kumbuka, binti unayemchanja leo ni mama wa kesho. Mjamzito hachanjwi chanjo hii.

Nimewahi kumpokea mama aliyechelewa na mtoto mwenye mboni nyeupe. Nyumbani aliambiwa ni laana, akamficha. Nilipomuuliza, alikumbuka vipele vya mimba ya miezi miwili. Hakuwa na kosa lolote. Kilichompotezea mtoto wake wakati ni aibu.

Basi fanya hivi:
Anza kliniki mapema, upimwe damu, hata kaswende, kwani nayo huweza kudhuru macho ya mtoto.
Ukipata vipele na homa ukiwa mjamzito, mwambie muuguzi siku hiyo hiyo.
Mtoto akizaliwa, omba macho yake yaangaliwe kwa mwanga.
Ukiona weupe katika mboni, hata kwenye picha ya kamera, usingoje. Mtoto wa jicho mzito hutakiwa kupasuliwa katika wiki za kwanza za maisha, na weupe huo waweza pia kuwa saratani ya jicho.

Gregg alijua kwa sababu akina mama walisema. Nawe sema. Kwaherini hadi wiki ijayo.